Uvimbe Chini ya Sikio

Watu walimwita Cherehani, na jina lilimkaa. Hata akiwa ameketi na kikombe cha chai mkononi, mguu wake wa kulia ulipigapiga chini kana kwamba kuna nguo anaishona asiyoiona mtu. Siku alipoolewa, rafiki za mumewe walimwambia bwana harusi kwamba amejipatia mashine isiyohitaji umeme. Mumewe alicheka tu. Alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache, anayeweza kukaa na ubao mmoja kutwa nzima, akiupiga randa, akiupapasa, akiupiga randa tena. Nyumba yao ikawa hivyo: mmoja hatulii, mwingine haondoki.

Waliishi juu kwenye kigongo cha mlima, mahali ambapo ukungu huamka kabla ya watu na huchelewa kuondoka kama mgeni aliyenogewa. Watoto walikuwa wamekwenda kusoma mbali. Nyumbani walibaki wao wawili na ng'ombe wawili wa maziwa. Mkubwa alikuwa mweusi mwenye mabaka meupe, akitembea polepole, kichwa amekiinamisha, wakamwita Bi Harusi. Wa pili alikuwa binti yake, mtamba mwenye mimba ya kwanza. Yeye walimwita Kelele, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Mwaka ule mvua ziliwasusa watu wa bondeni. Habari zilikuwa zikipanda mlima pamoja na wachuuzi: mito imekuwa njia za mchanga, majani yamekwisha, ng'ombe wanakula maboksi. Cherehani alizisikiliza kama mtu anavyosikiliza msiba wa mtaa wa pili, kwa huruma na kwa kushukuru kimoyomoyo. Mpaka asubuhi moja alipokuwa akitoka bandani na ndoo, akasikia kengele. Nyingi, za kila sauti. Kwenye ukungu wakaanza kutokeza ng'ombe wa rangi ya vumbi, wenye nundu, mbavu zikihesabika, na nyuma yao mdogo wa mumewe, fimbo begani, midomo imepasuka.

Huyo ndiye waliyemwita Askofu. Kanisani hakuonekana hata siku ya sikukuu, lakini alikuwa mchungaji wa ng'ombe tangu utotoni, na mtani wake mmoja alisema kwamba mchungaji aliyedumu kiasi hicho asipopandishwa cheo ni dhuluma.

"Shemeji Cherehani!" aliita. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

"Mwenyeji haumwi. Karibu tu. Umekuja na waumini wote?"

"Waliobaki. Wengine wamelala njiani." Akatabasamu, lakini macho hayakutabasamu naye.

Fundi alitoka karakanani na vumbi la mbao kwenye nyusi, akamkumbatia mdogo wake muda mrefu bila neno. Hakumuuliza atakaa mpaka lini. Alimwonyesha tu malisho yaliyo ng'ambo ya korongo akamwambia, "Pale ni pako." Cherehani alisimama na ndoo yake akingoja naye aulizwe. Hakuulizwa. Akalimeza hilo, akaenda kuchemsha chai.

Siku za kwanza zilikuwa na furaha yake. Askofu alikuwa na maneno mengi kama kaka yake alivyokuwa na machache, na kila jioni aliwasimulia habari za mama yao, aliyebaki bondeni akichungwa na majirani, jinsi anavyolitukana jua kila asubuhi kama mkwe mvivu. Fundi alicheka mpaka akajifuta machozi. Cherehani hakukumbuka lini alimwona mumewe akicheka vile.

Lakini hakutulia. Siku moja ng'ombe wa Askofu walipokuwa wakinywa kijitoni, alimkaribia mmoja mpole akamshika sikio akalikunjua. Ndani, kupe wa rangi ya kahawia walikuwa wamejipanga kama punje za mtama kwenye suke. Akamwangalia wa pili. Vilevile. Akarudi nyumbani mbio akanawa mpaka viwikoni, kisha akaenda bandani kumkagua Bi Harusi, sikio hili na sikio lile. Akapata mmoja. Akamng'oa, akamponda kwa jiwe, na jiwe akalitupa.

"Fundi," alimwambia mumewe mchana huo, akizunguka zunguka kati ya mbao, "ng'ombe wa mdogo wako wana kupe wa kutisha."

"Ng'ombe wa bondeni wana kupe," alisema Fundi. Randa haikusimama.

"Wetu hawajawazoea."

"Nimwambie nini? Aondoke?"

"Umwambie awanyunyizie dawa. Umwambie wasinywe maji pamoja na wetu."

Fundi alipuliza vumbi kwenye ubao. "Ametembea na njaa mpaka hapa. Sitaanza kumkagua masikio."

Basi alikwenda mwenyewe. Alimkuta Askofu amekaa juu ya jiwe akishona kandambili kwa waya.

"Shemeji, nina neno."

"Wewe una maneno, nami nina masikio. Toa."

Alimweleza. Askofu alisikiliza, kisha akacheka, si kwa dharau, bali kama mtu mzima anayeambiwa na mtoto kwamba gizani kuna dubwana. "Shemeji, ng'ombe wangu wamekula sahani moja na hawa kupe tangu wakiwa ndama. Hawaumwi! Tazama. Wana njaa, ndiyo. Ugonjwa hawana."

"Wako hawana. Wangu je?"

"Nitawaweka hukohuko ng'ambo ya korongo. Neno la Askofu."

Na aliwaweka. Lakini kijito kilikuwa kimoja, na majani hayajui mipaka, na ng'ombe mwenye kiu hasikii mahubiri. Cherehani aliwaona wakivuka. Kila alipowaona mguu wake uliongeza kasi.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja Bi Harusi alikataa majani. Aliyanusa tu kwenye hori akageuza uso. Maziwa yalitoka kidogo, yakagonga ndani ya ndoo kwa sauti ya mahali patupu. Cherehani akamshika sikio: la moto kama kifuniko cha sufuria. Akateremsha mkono taratibu, na chini ya sikio, pale taya linapoanzia, vidole vyake vikakuta kitu. Kigumu, cha mviringo, kama yai lililofichwa chini ya ngozi. Akakibonyeza. Kikacheza. Akaondoa mkono kana kwamba umeungua.

Alimpigia simu daktari wa mifugo. Haikupatikana. Akapiga tena akiwa juu ya kichuguu, akapiga tena akiwa amepanda ngazi ya mumewe. Daktari alikuwa kigongo cha mbali, kwenye mtandao unaokuja na kuondoka, na alipopatikana siku ilikuwa imekwisha. Alifika kesho yake kwa pikipiki iliyoishiwa rangi, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na sauti ya upole.

Alimpima Bi Harusi joto, akamsikiliza mapafu, akakunja uso. Kisha akachoma sindano nyembamba kwenye ule uvimbe, akavuta tone, akalipaka kwenye kipande cha kioo na kukipunga hewani kikauke. "Nitakiangalia kwenye hadubini," alisema, "lakini sitasubiri majibu kumtibu. Nadhani ni ndigana kali."

"Ni nini hiyo?"

"Ni ugonjwa wa kupe. Kupe anamwachia ng'ombe vijidudu, vijidudu vinaingia kwenye matezi, vinatoka huko vimekuwa jeshi. Ukimwahi, dawa inafanya kazi vizuri. Huyu..." Akamgusa Bi Harusi shingoni. "Huyu tayari mapafu yana maji. Tutajaribu."

Kisha akampima Kelele. Joto lilikuwa limeanza kupanda, na chini ya sikio kulikuwa na uvimbe mdogo kama kunde. Daktari akampiga sindano papo hapo. Kelele alilalamika, kijiji kizima kikajua.

Kesho yake mchana Bi Harusi alianza kutoa povu jeupe puani. Alipumua kwa mdomo, shingo ameinyoosha, kama mtu anayejaribu kuona juu ya ukuta. Cherehani alimpangusa povu kwa khanga yake, likaja jingine, akampangusa tena. Bi Harusi akapiga magoti ya mbele kwanza, polepole, kwa adabu ileile iliyompa jina, akalala ubavu, akafa.

Watu walikuja. Jirani wa kwanza kufika alikuwa mwanamke wa nyumba ya kona, naye akiuza maziwa kama Cherehani, na sauti yake ilitangulia kabla ya miguu. "Nilisema! Si nilisema? Hao ng'ombe wa bondeni wametuletea balaa!" Wengine wakaitikia. Uani pakajaa. Na katikati ya maneno hayo Askofu akatokea anakimbia, ameacha kundi lake ng'ambo, kofia mkononi. Akainama anyooshe mkono amguse ng'ombe.

"Usimguse!"

Sauti ya Cherehani iliwanyamazisha wote. Naye akiisha kuanza hakuweza kusimama.

"Mgeni njoo mwenyeji apone, eti! Umekuja, na mwenyeji anazika! Nilikuambia, ukanicheka! Nilisema kupe waogeshwe? Basi kupe wa kwanza kuogeshwa ni wewe! Umekuja kumnyonya kaka yako mpaka ukavimba!"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Kicheko kifupi, kilichomponyoka tu, lakini kilisikika. Askofu alinyooka. Alimtazama shemeji yake, akamtazama kaka yake aliyesimama mlangoni mwa karakana, na Fundi alikuwa amefungua mdomo lakini hakikutoka kitu.

"Nimesikia, shemeji," Askofu alisema. Akavaa kofia.

Jioni haijafika kengele zilianza kushuka mlima, zikipungua, zikipungua, mpaka mtu hakujua kama anazisikia au anazikumbuka. Fundi alirudi ndani. Alisema neno moja tu siku ile: "Mama yetu hana kingine ila wale ng'ombe." Kisha akachukua ubao mzuri wa mlango, akaupiga randa, akaupiga randa, mpaka ukawa mwembamba usiofaa kitu.

Tangu hapo nyumba iliwashinda. Cherehani aliosha ndoo iliyokuwa safi. Alifagia banda, akahamisha hori kutoka ukuta huu kwenda ule, akalirudisha. Kelele alipokohoa aliacha chakula motoni akakimbia. Alimkagua masikio, akamkagua mapaja, chini ya mkia, na vidole vyake vikawa na tabia ya kutafuta hata vikiwa mahali pengine: alijikuta akijibonyeza mwenyewe chini ya taya, na siku moja akambonyeza mumewe aliyekuwa akinywa chai.

"Mimi sijaumwa na kupe," Fundi alisema bila kumwangalia.

Simu ya Askofu ilikuwa ikiita bila kupokelewa. Fundi alimpigia asubuhi na jioni, akiiweka simu kwenye sikio kwa subira yake yote, kama anayengoja gundi ikauke.

Kelele akaanza kula. Joto likashuka, uvimbe ukanywea. Daktari alipokuja kumwangalia tena alimpigapiga mgongoni, akasema, "Huyu kapona. Mimba nayo bado ipo, bahati yenu. Ndigana haitamsumbua tena kirahisi. Lakini ujue jambo moja. Vijidudu vichache vitabaki kwenye damu yake. Kupe mdogo akimnyonya huyu, akaanguka majanini, akakua, akamrukia ng'ombe wa jirani, anaweza kumpa. Kwa hiyo umnyunyizie dawa bila kukosa."

"Yaani sasa amekuwa kama ng'ombe wa shemeji yangu."

"Ndiyo. Kama wao."

"Shemeji yangu aliyetuletea."

Daktari alikuwa akifunga mkoba wake. Akasita. "Nani kakuambia ni yeye?"

"Si walikuja na kupe masikioni!"

"Walikuja nao, na pengine waliongeza. Kupe hana kitambulisho, siwezi kukuambia yupi alimuuma Bi Harusi. Ila ndigana niliikuta kwenye kigongo hiki kabla shemeji yako hajapanda. Zamani baridi ya huku ilikuwa inamshinda kupe. Miaka hii baridi imelegea, naye anapanda kidogokidogo, anajenga." Akavuta pumzi. "Si kazi yangu kusema ya nyumba za watu. Lakini jirani yako wa kona muulize ndama wake alikufa na nini."

Daktari hajawasha pikipiki, Cherehani alikuwa amekwisha kuvuka njia. Alimkuta jirani akisuuza madumu ya maziwa.

"Ndama wako alikufa na nini?"

Jirani aliacha dumu likajaa mpaka likamwagika. "Ndama gani?"

"Dada. Tafadhali."

Yule mwanamke aliketi juu ya ukingo wa bomba. Sauti yake kubwa ilikuwa imekwenda wapi, haijulikani. "Alivimba hapa," alisema, akijigusa chini ya sikio. "Mvua za mwisho zilikuwa bado zinanyesha. Tukamzika nyuma ya migomba. Ningetangaza, nani angenunua maziwa yangu? Nawe ungenunua?"

Cherehani alitaka kumkasirikia. Hasira alikuwa nayo nyingi tu, tayari, imechemka. Lakini alipotafuta pa kuimwagia, kila mara ilimrudia yeye mwenyewe, kwenye ua ule, na kile kicheko cha nyuma. Neno "kupe" lilikuwa limemganda. Kwa ng'ombe ni mdudu. Kwa mtu, hasa mtu aliyekuja kwa ndugu yake na njaa, ni tusi lisilofutika kwa maji.

Akarudi nyumbani akamwambia mumewe kila kitu, amesimama, kwa pumzi moja. Fundi alisikiliza. Mara hii randa ilisimama.

"Nami nilinyamaza," alisema mwishowe. "Wewe ulisema, mimi nilinyamaza. Sijui lipi lilimuuma zaidi."

"Nakwenda kwake."

"Njia huijui."

"Daktari anateremka huko na gari la ofisi, kuchanja ndama. Nitaomba nafasi. Wewe mlinde Kelele. Masikio asubuhi na jioni, Fundi. Na ndani kabisa, si juujuu."

Waliondoka alfajiri. Nyuma ya gari kulikuwa na mtungi mnene wa chuma wenye kutoa moshi mweupe wa baridi kali, na daktari akamweleza kwamba humo ndimo chanjo inamokaa: ndama anapewa ugonjwa wenyewe kidogo, na dawa ya kuushika mkono usimzidi nguvu, ili mwili ujifunze. Cherehani alishika kiti kwa mikono miwili. Mlima ukawa unavua nguo moja moja. Kwanza ukungu ukaisha, wakaingia kwenye mashamba ya mahindi, daktari akasema hapa katikati ndipo pabaya kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kupe wanakuja mwaka huu na kukosekana mwaka ujao, miili ya ng'ombe haipati nafasi ya kujifunza. Kisha migomba ikaisha. Kisha kijani chenyewe kikaisha. Alivua sweta, akavua kilemba, akafungua dirisha, na hewa iliyoingia ilikuwa kama ya mdomo wa tanuri.

Hakuwa amewahi kufika huku. Miaka yote ya ndoa, mama mkwe ndiye aliyepanda kuwaona; kwenda chini kulikuwa na kesho yake daima. Sasa aliona miti isiyo na jani, na kando ya njia mifupa myeupe ya ng'ombe, mingine ingali na ngozi. Akaanza kujiuliza kama hiyo ni ya ng'ombe wa shemeji yake. Akaacha.

Mama mkwe alikuwa ameketi kivulini mwa ukuta wa nyumba yake, mwembamba kuliko alivyomkumbuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na miguu yako?" Akamtazama chini. "Naona bado inacheza. Kaa."

"Siwezi kukaa, mama. Nimekuja kumtafuta..."

"Najua uliyekuja kumtafuta. Yuko kwenye zizi la kuchanjia na wenziwe. Alirudi na ng'ombe pungufu. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Mtoto wangu akinyamaza yeye, basi jambo si dogo." Akamwangalia kwa macho makali yaliyozungukwa na mikunjo. "Nenda. Jua la huku halimngoji mtu."

Kwenye zizi, wachungaji walikuwa wamekusanya ndama, vumbi limesimama kama ukuta. Askofu alikuwa amemshika mmoja shingoni. Alimwona shemeji yake, akageukia ndama.

Cherehani alikuwa amepanga kumwita pembeni. Njia nzima alikuwa amepanga. Lakini alipoona wale watu wote wamesimama, alijua kwamba pembeni hapatatosha.

"Shemeji," alisema kwa sauti. Wachungaji wakanyamaza mmoja mmoja. "Nilikutukana mbele ya watu, na nitasema mbele ya watu. Nilimwita huyu kupe. Nilisema amekuja kumnyonya kaka yake. Na ugonjwa ulikuwa kwetu kabla yake, sisi wenyewe tulikuwa tumeuficha. Hata usingekuwepo, neno lile halikuwa la kumwambia ndugu. Nisamehe."

Ndama mmoja akalia. Mzee mmoja akakohoa, akasema, "Huku tumeitwa mabaya zaidi, mama, na watu wasiopanda gari kuja kuomba radhi," na wengine wakacheka, na kicheko hiki kilikuwa cha namna nyingine.

Askofu hakucheka. "Njoo ushike huyu," alisema.

Alishika. Daktari alipita na sindano, ndama baada ya ndama, na Cherehani alikuwa akiwashika masikio bila kufikiri, akiteremsha vidole, akibonyeza. Kwenye ndama mdogo mwekundu vidole vikasimama.

"Daktari! Huyu ana uvimbe. Mdogo, lakini upo."

Daktari alikuja akapapasa, akampima joto. "Kweli. Huyu hachanjwi, anatibiwa. Vizuri umemwahi."

Askofu alimtazama yule ndama akipigwa sindano. Kisha akasema, polepole, bila utani wote aliouzoea: "Shemeji, siku ile nilipokuambia ng'ombe wangu hawaumwi, nilisema kweli nusu. Hawa wakubwa hawaumwi kwa sababu waliumwa wakiwa hivi, wakapona. Ambao hawakupona hukuwaona. Kila mwaka tunazika ndama. Tunawazika tangu babu yangu. Mtu akizika kila mwaka, anaanza kuona ni hali ya kawaida. Wewe ulipolia nikaona unalilia ng'ombe mmoja. Nilicheka ulipokuja kuniambia. Sikupaswa kucheka."

"Wangapi walianguka ulipokuwa unarudi?"

"Usiniulize hilo."

Hakumuuliza. Lakini alilijua, na akajua atakuwa nalo.

Alilala kwa mama mkwe, akamchotea maji mbali kabla jua halijapanda, na kesho yake Askofu aliketi naye kwenye ukuta, wakazungumza mambo ya kufanyika, si ya kusameheana. Hayo mengine yataonekana. Ng'ombe walio hoi hawakuweza kungoja mvua. Daktari alikubali wapande, mradi wanyunyiziwe dawa kabla ya kuondoka na tena mlimani kabla ya kuingia malishoni, na wasirudi kwenye kijito cha wengine.

Watu wa kigongo hawakupenda. Kulikuwa na mkutano, na Cherehani alizungumza amesimama wakati wote. Alisema Kelele naye ni mbebaji sasa, akimaanisha kwamba asiyetaka ng'ombe wa shemeji yake aanze kwa kumkataa wake. Ndipo jirani wa kona akainuka, akashika ukingo wa benchi, akasema habari za ndama wake. Watu wawili waliacha kununua maziwa yake tangu siku ile. Mmoja alirudi baadaye.

Kazi ya Fundi ilikuwa uchochoro. Alijenga njia nyembamba ya mbao chini ya kigongo, ng'ombe mmoja kwa wakati, ili mtu apate kuwanyunyizia bila kukanyagwa. Aliufanya kwa mbao za milango ambayo wateja walikuwa wakiidai, na alipoulizwa alisema milango itangoja. Siku Askofu alipofika na ng'ombe wake wachache, ndugu hao wawili walianza kugombana saa ileile.

"Kaka, huu ni mwembamba. Pembe zitakwama."

"Nimepima."

"Umepima ng'ombe gani? Wa kwenu wasio na pembe?"

"Pitisha mmoja tuone."

Akapitishwa mmoja. Pembe zikakwama. Fundi akaleta msumeno, na Askofu akacheka mpaka akajishikilia ukutani, na baada ya muda Fundi naye akacheka, akiwa amepiga goti, msumeno mkononi.

Cherehani hakuwangoja wamalize. Alijifunga bomba la dawa mgongoni, akapandisha pampu mpaka mkono ukauma, akaanza na yule aliyekwama: masikio kwanza, ndani kabisa, kisha shingo, kisha chini ya mkia. Dawa ilinuka kama moto wa mpira. Nyuma ya ng'ombe wa Askofu alikuwa amesimama Kelele, akilalamika kwa sauti inayofika kigongo cha pili, na nyuma ya Kelele ng'ombe wa jirani wa kona, na nyuma yake wengine walioletwa na watu waliosema hawataleta.

Ugonjwa haukuhama. Kabla ya mvua kurudi, nyumba mbili za juu zaidi, kule ambako zamani hata mbu hawakufika, zilipoteza ng'ombe. Mmoja wa wagonjwa wao Cherehani ndiye aliyemgundua, akipita njiani tu, akamwona jinsi alivyosimama na kichwa, akaruka ua bila kubisha hodi. Huyo alipona. Na Kelele alizaa jike jeupe lenye baka moja jeusi, ambalo siku ileile liliposimama Cherehani alikutwa amelipigia magoti, analipapasa chini ya masikio, huku na huku, ingawa alijua vizuri kwamba ni mapema mno kuwa na chochote.